Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufurahia sanaa za jukwaani ukiishi katikati ya Nairobi

Naishi Ngara, na kwa miaka mingi nimekuwa nikienda kuona michezo ya kuigiza, ngoma na muziki kwa miguu. Majirani, wafanyakazi wenzangu na jamaa wanaohamia jijini huniuliza mambo yaleyale, mengine hata kabla hawajamaliza kupakua godoro kutoka kwenye pikapu. Nimeyakusanya hapa. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, nimetaja nambari ya swali la kutazama.

## Mambo ya mwanzo

1. Ukisema "katikati ya jiji" unamaanisha wapi hasa?

Namaanisha mahali ambapo unaweza kutoka mlangoni kwako na kufika ukumbini kwa miguu bila kuvuka nusu saa: Ngara, River Road na Kirinyaga Road, vyumba vya ghorofani upande wa Tom Mboya Street, na ng'ambo ya pili, Milimani. Tao, yaani mji wenyewe, limejaa ofisi na maduka, lakini wanaoishi humo ni wengi kuliko watu wanavyodhani.

Nimeweka mpaka huo kwa sababu moja. Watu wengi wa Nairobi hawashindwi na bei ya tiketi. Wanashindwa na safari ya kurudi. Anayekaa Rongai au Kitengela akiona saa mbili na nusu usiku imefika na pazia halijafungwa, moyo wake unakuwa steji ya matatu. Wewe unayeishi mjini unaweza kwenda Alhamisi, siku ya kazi, ukarudi ukalala. Unaweza kwenda mara tatu kwa mwezi. Ukienda mara nyingi namna hiyo unaanza kuwajua waigizaji kwa sura na kwa sauti: unamwona kijana aliyebeba sinia mwezi wa Februari akishika nafasi kubwa mwezi wa Oktoba.

2. Sijawahi kuona mchezo jukwaani. Nianzie wapi?

Anza na vichekesho vya Heartstrings. Ni kikundi cha Nairobi chenye wafuasi wengi, na hutoa mchezo mpya mara kwa mara, kwa kawaida mwishoni mwa wiki. Mada utazitambua: ndoa yenye siri, shemeji aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi miwili, mgombea anayeahidi barabara. Hutahitaji kusoma chochote kabla ya kwenda, na kicheko cha ukumbi mzima kitakufundisha kwa nini watu hutoka nyumbani ilhali wana televisheni.

Mara ya pili tafuta kitu kizito zaidi, mchezo unaokutoa umenyamaza. Mara ya tatu nenda kwenye densi au ushairi. Ukifuata mpangilio huo utajua ladha yako mapema, na hutakuwa mtu anayesema "mimi si wa mambo ya ukumbi" kwa sababu ya jioni moja mbaya.

3. Kiingilio ni pesa ngapi?

Mchezo wa kawaida aghalabu huwa kati ya Sh500 na Sh1,500. Maonyesho makubwa ya muziki na uigizaji, yenye bendi, wacheza densi na maleba ya kushonwa, hupanda zaidi ya hapo. Vituo vya utamaduni vya kigeni huwa na jioni nyingi za bei nafuu au zisizo na kiingilio kabisa (tazama swali la 7).

Ukilipa mapema kwa M-Pesa mara nyingi utapunguziwa, na wanafunzi hupunguziwa wakionyesha kitambulisho cha chuo. Lipa kwenye nambari iliyo kwenye bango au ukurasa wa kikundi chenyewe. Mimi niliwahi kumtumia pesa mtu aliyejitokeza kwenye maoni akisema ana tiketi mbili za ziada. Nilifika mlangoni na ujumbe wa M-Pesa tu.

4. Nitajuaje kuna nini wiki hii?

Njia yangu ni ya kizamani: Jumatano nikitoka kazini hupitia Harry Thuku Road, nikasoma mabango ya Ukumbi wa Michezo wa Kitaifa, kisha nikapitia Loita Street nikaangalia ubao wa Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Kifaransa. Inanichukua dakika ishirini na tano, na hunionyesha mambo ambayo simu hainionyeshi. Zaidi ya hapo, fuata kurasa za vikundi vyenyewe kwenye mitandao ya kijamii. Kikundi kinaweza kuhama ukumbi, na ukurasa wake ndio utakuwa wa kwanza kukuambia.

5. Michezo huwa ya lugha gani?

Mingi ni ya Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na Sheng, jinsi watu wa Nairobi wanavyozungumza nyumbani. Mzaha mzuri karibu wote huangukia Kiswahili.

Mchezo wa Kiswahili kitupu, mwanzo hadi mwisho, ni adimu kuliko inavyopasa katika jiji hili, na nalisema kwa uchungu. Utaupata hasa kwenye maonyesho ya vitabu vya kutahiniwa, ambapo vikundi huigiza tamthilia za shule za upili mchana wa siku za wiki mbele ya mabasi kadhaa ya wanafunzi. Mtu mzima si kwamba anaruhusiwa tu, bali anakaribishwa, ila uliza mlangoni kama nafasi ipo. Keti nyuma. Hakuna hadhira inayosikiliza Kiswahili kwa makini kama wanafunzi wa kidato cha nne wanaojua mistari kwa moyo. Mwigizaji akiruka neno moja, wanamnong'oneza.

Njia nyingine ni tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka wa 1959. Fainali huzunguka nchi nzima, lakini mashindano ya kanda ya Nairobi hufanyika humuhumu jijini, na ndani yake mna ushairi wa kukariri, tamthilia na ngoma.

## Kumbi na mahali pengine

6. Kwa nini Ukumbi wa Michezo wa Kitaifa unatajwa sana?

Kwa sababu umebeba historia ambayo kuta nyingine za mji hazina. Ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 20. Barabara iliyo mbele yake ina jina la Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga ukoloni, na hapohapo karibu, Machi 1922, watu waliokusanyika kudai aachiliwe kutoka kituo cha polisi walipigwa risasi, wengi wakafa.

Uhuru ulipokuja, jukwaa halikuwaangukia Wakenya siku iyo hiyo. Mwaka wa 1976 tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu Dedan Kimathi ilionyeshwa hapa kwa siku chache tu, baada ya kugombania nafasi kwenye kalenda iliyojaa maonyesho ya kutoka ng'ambo. Mwaka uliofuata, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ambao Ngũgĩ aliuandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ikaupiga marufuku, na kufikia mwisho wa Desemba 1977 Ngũgĩ alikuwa amewekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka wa 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilikuja mjini na mchezo mwingine, kikakuta milango ya ukumbi huu imefungwa.

Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilipanda jukwaani hapa, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Nilikwenda usiku wa Kikuyu, lugha ambayo naisikia nusu nusu. Kando yangu aliketi mama mmoja wa umri wa nyanya yangu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mkoba kwenye magoti. Nyimbo zilipoanza, yeye aliziimba neno kwa neno, polepole, hata akawatangulia waigizaji mahali pawili. Hakunitazama hata mara moja. Taa zilipowaka alinishika mkono nimsaidie ngazi, akasema tu, "Asante mwanangu, sasa wacha niende." Tangu siku hiyo siwezi kupita mlango ule nikauona kama jengo la kawaida.

Ukumbi ulikarabatiwa ukafunguliwa upya mwaka wa 2015. Uwanja huohuo una Kituo cha Utamaduni chenye ukumbi mdogo, na chuo cha muziki kilichoanzishwa 1944. Mchana ukipita utawakuta vijana kwenye nyasi wakifanya mazoezi: huyu analia, yule anapigwa kofi la kuigiza. Wape nafasi yao, lakini hakuna anayekukataza kusimama ukatazama.

7. Alliance Française na Goethe-Institut si za wageni na wanafunzi wa lugha tu?

Hapana. Ziko karibu uso kwa uso, pale Loita Street inapokutana na Monrovia Street, na kwa miongo zimewapa wasanii wa Kenya jukwaa wakati ambapo kumbi zetu zilikuwa chache. Alliance ina ukumbi wa ndani na bustani yenye jukwaa. Bendi nyingi za vijana zilionekana hapo kabla ya redio kuzijua. Goethe, kituo cha Wajerumani kilicho Maendeleo House, hupenda filamu, mijadala, densi ya kisasa na sauti za majaribio. Ingia, muulize mlinzi, chukua ratiba. Hutaulizwa unajua Kifaransa.

8. Nikitaka ngoma na sarakasi je?

Karibu nawe kabisa ni Sarakasi Dome, Ngara, jengo lililokuwa sinema ya Shan. Sarakasi Trust, iliyoanzishwa 2001, hufunza wanasarakasi na wacheza densi. Maonyesho ya umma hayako kila wiki, kwa hiyo fuata matangazo.

Wengi huniuliza habari za Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971 na inayojulikana kwa ngoma za makabila mbalimbali. Iko njia ya Lang'ata, nje ya mji wa kutembea kwa miguu, na ujenzi mkubwa ulianza huko 2025. Piga simu kwanza kabla ya kupanda matatu.

9. Na wale wanaochezea barabarani karibu na Archives, jengo la kumbukumbu za taifa?

Hao nao ni jukwaa, na mimi huwapa heshima ileile. Tazama jinsi anavyoanza mmoja wao mbele ya sanamu ya Tom Mboya. Hana kipaza sauti. Anachukua chupa ya maji, anatoboa kifuniko, anachora duara kwenye lami kwa maji huku akizunguka kinyumenyume na kusema polepole na mtu mmoja tu, labda mchuuzi wa njugu. Wapita njia wanasimama kujua anachora nini. Maji yanapokauka, watu sitini wamesimama mahali hasa palipokuwa na mstari. Huo ni uelekezi wa jukwaa uliokomaa, na haukufundishwa darasani.

Mkoba uweke mbele na simu mfuko wa ndani, maana msongamano huo una wengine waliokuja kwa kazi nyingine. Ukicheka, toa. Hata shilingi hamsini. Mtu aliyekuchekesha dakika ishirini amefanya kazi.

10. Muziki wa moja kwa moja upo mjini, au ni vilabu tu?

Upo. Rhumba na benga huchezwa na bendi kwenye mabaa kadhaa, hasa mwisho wa wiki, na hapo kiingilio mara nyingi ni soda yako. Kwaya na muziki wa okestra utausikia kwenye makanisa makubwa kama All Saints Cathedral, ambayo unaweza kuifikia kwa miguu kutoka Ukumbi wa Kitaifa, na msimu wake mzuri ni kuelekea Krismasi. Agosti kuna Tamasha la Muziki la Kenya, lenye mizizi ya mwaka wa 1927. Likifanyika KICC, jumba la mikutano la katikati ya mji, utasikia kwaya za shule zikifanya mazoezi hata kwenye vijia vya City Hall Way.

## Jioni yenyewe

11. Mchezo ukiandikwa saa kumi na mbili na nusu, unaanza saa ngapi kweli?

Fika saa kumi na mbili na nusu. Ndiyo, mara nyingi utasubiri robo saa au zaidi. Lakini viti katika maonyesho mengi havina nambari, na aliyetangulia ndiye anayechagua. Safu ya tano au ya sita katikati ndiyo bora: unaona macho ya mwigizaji na bado unaona jukwaa lote. Vikundi vinavyoanza kwa wakati vinaongezeka, na ningependa hadhira iviunge mkono kwa kuwa imeketi tayari.

12. Nivae nini?

Nguo ulizoendea kazini zinatosha. Beba sweta mwezi wa Juni na Julai.

13. Nitarudije nyumbani usiku?

Kwa miguu kwenda, kwa teksi kurudi. Hata kama umbali ni wa dakika kumi na tano, mimi hulipia gari baada ya giza, hasa njia ya kwenda Ngara inayopitia Globe Roundabout; siikatizi kwa miguu usiku. Wanaoelekea ndani ya mji hutembea kwa makundi kupitia barabara zenye taa na maduka yaliyo wazi, wakifuata Moi Avenue. Ita gari pazia likikaribia kufungwa, usingoje watu wote watoke pamoja, maana bei kwenye programu za teksi hupanda dakika hiyohiyo. Mvua ikinyesha hupanda maradufu, na msimu wa Machi hadi Mei unapaswa kuiweka hesabuni kabla hujanunua tiketi.

14. Mimi ni mwanamke na nitakuwa peke yangu. Ni sawa?

Ni sawa. Ndani ya ukumbi utakuta wanawake wengi waliokuja peke yao, na mapumziko ndiyo wakati mzuri wa kupata wenzako wa mara nyingine. Dada mmoja wa jengo letu alianza kwenda peke yake; sasa wako wanne, wanagawana teksi. Kuhusu njia ya kurudi, ushauri ni uleule wa swali la 13.

15. Naweza kupiga picha au kurekodi?

Zima simu. Mwangaza wake unamfikia mwigizaji usoni kabla ya kumfikia jirani yako. Picha piga mwishoni waigizaji wanapoinama kushukuru, wakati huo wanafurahia. Kurekodi mchezo ni kumnyang'anya mwandishi na waigizaji mlo wa wikendi ijayo.

16. Naruhusiwa kujibu jukwaa?

Inategemea mchezo. Vichekesho vya Nairobi vinaishi kwa majibu ya hadhira, "Mwache huyo!" likitoka safu ya nyuma wakati wake, mwigizaji hulidaka. Marehemu Wahome Mutahi, aliyefariki 2003, aliwaletea watu michezo ya kisiasa ya Kikuyu ndani ya mabaa, na huko mteja mwenye chupa alikuwa sehemu ya mazungumzo. Kwenye mchezo mzito, nyamaza. Sikiliza walio karibu nawe. Dakika tano za kwanza zitakuonyesha.

## Hali zisizo za kawaida

17. Naweza kuja na watoto?

Uliza umri kabla ya kulipa, kwa kuwa vichekesho vingi vina maneno ya chumbani. Sarakasi na ngoma (swali la 8) hawatazisahau. Onyesho la mchana la Jumamosi au Jumapili, kawaida saa tisa, ndilo lao. Mtoto wa chini ya miaka mitano mweke kiti cha kando, ili ukitoka naye usiwapite watu kumi na wawili.

18. Natumia kiti cha magurudumu.

Pigia ukumbi simu siku moja kabla, uliza mlango upi hauna ngazi na choo kiko wapi, kisha taja saa utakayofika. Kumbi za mjini hazifanani kwa jambo hili, na baadhi ziko ghorofani. Mlinzi aliyeambiwa mapema hukuwekea nafasi. Asiyejua huanza kutafuta watu wa kukubeba, jambo ambalo hupaswi kulivumilia.

19. Umeme ukikatika au mchezo ukiahirishwa, narudishiwa pesa?

Ukiahirishwa, hifadhi ujumbe wa malipo. Kwa kawaida utahamishiwa siku nyingine, na ukitaka pesa zako ziombe siku hiyohiyo kabla hesabu haijafungwa.

Umeme ukikatika katikati, usikimbilie mlango. Niliwahi kuwa kwenye ukumbi mmoja mdogo, mume na mke wako jukwaani wanagombana juu ya pesa za nyumba, giza likaanguka. Mwigizaji wa kike alinyamaza pumzi moja. Kisha sauti yake ikatoka gizani: "Unaona? Hata tokeni hukununua." Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Safu ya mbele wakawasha tochi za simu, wakaelekeza jukwaani, na tukaumaliza mchezo hivyo. Vivuli vyao ukutani vilikuwa virefu kuliko dari.

20. Mchezo ni mbaya. Niondoke?

Ngoja mapumziko, ndipo uende kimya. Kama hakuna mapumziko, kaa. Ukikutana na mwelekezi nje na akakuuliza, mwambie ukweli mmoja ulio wazi, mfano kwamba hukusikia maneno kutoka safu ya nyuma. Hilo litamfaa kuliko "ilikuwa poa".

21. Rafiki yangu anaigiza na amenipa tiketi ya bure. Nikubali?

Kubali mara moja, kisha mara nyingine lipa na umlete mtu. Mapato ya mlangoni ndiyo yanayolipa ukumbi, taa, maleba na mwisho kabisa mwigizaji. Ukumbi wa Phoenix, uliodumu miaka mingi pale Professional Centre kwenye Parliament Road, ulifungwa. Niliingia humo mara chache mno wakati ulipokuwa karibu nami, na najuta.

22. Nataka kuigiza mwenyewe.

Vikundi hutangaza usaili kwenye kurasa zao, na usaili mwingi hufanyika katika uwanja wa Ukumbi wa Kitaifa. Njoo na kipande cha dakika mbili unachokijua kwa moyo, ikiwezekana cha Kiswahili, maana wachache huja nacho. Usilipe pesa ili "uwekwe kwenye filamu". Kuishi mjini kutakusaidia sana hapa: mazoezi huisha usiku, na anayekaa karibu ndiye anayebaki hadi mwisho.

23. Nimehama, sasa naishi mbali na mji. Nifanyeje?

Chagua onyesho la saa tisa Jumapili. Utatoka kabla ya saa kumi na mbili, mwanga ungalipo, na matatu bado zinaita abiria. Nunua tiketi tangu Ijumaa, na ukiweza kaa upande wa kutokea.